Edward Coke: jaji aliyesimama peke yake mbele ya mfalme mwaka 1616

Kalamu ya Mwanza:

Wakuu, heshima kwenu.

Kila tukibishana humu kuhusu uhuru wa mahakama, mmoja hutaja Magna Carta ya 1215 (mkataba wa mfalme wa Uingereza na mabwana wake), mwingine hutaja Katiba ya Marekani, na mjadala unafia hapo. Kati ya hizo mbili kuna zaidi ya miaka 500, na ndani yake yupo mtu ambaye wengi wetu tunamruka: Edward Coke (hutamkwa Kuk), Jaji Mkuu wa Uingereza enzi za Mfalme James wa Kwanza. Kwa maoni yangu hakuna jaji wa kale aliyeacha alama kubwa kuliko huyu, hata kwenye mahakama zetu za hapa Afrika Mashariki. Naomba mnivumilie, uzi ni mrefu.

Alizaliwa 1 Februari 1552 kijiji cha Mileham, Norfolk. Baba yake alikuwa wakili na alifariki Edward akiwa na miaka tisa tu. Akasoma Cambridge, akaingia Inner Temple mwaka 1572, kimojawapo cha vyama vya mawakili vya London, na kufika 1578 alikuwa wakili kamili. Alipanda haraka: Spika wa Bunge 1593, Mwanasheria Mkuu wa Malkia Elizabeth 1594. Cheo hicho cha pili alikinyakua mbele ya Francis Bacon, yule mwanafalsafa, na uhasama wao haukuisha mpaka mmoja wao alipoanguka.

Sasa kabla hamjaanza kumpigia makofi, someni kesi ya Walter Raleigh, baharia maarufu aliyekuwa kipenzi cha Malkia Elizabeth. Novemba 1603, mahakama imehamia Winchester kwa sababu London ina tauni. Raleigh anashtakiwa uhaini. Ushahidi wote unasimama juu ya maneno ya mtu mmoja, Lord Cobham, ambaye hakuletwa mahakamani. Raleigh anaomba: mleteni aseme mbele yangu. Wanakataa. Na mwendesha mashtaka, Coke huyuhuyu, anamwita nyoka, anamwambia ana uso wa Kiingereza na moyo wa Kihispania. Raleigh akahukumiwa kifo, akakaa gerezani miaka mingi, na mwaka 1618 akakatwa kichwa kwa hukumu hiyohiyo ya 1603.

Huo ndio mwanzo wa mtu wetu. Alikuwa mkono wa dola, na mkono mzito kwelikweli.

---

Mzee wa Ilala:

Mkuu umeanza vizuri lakini umenichanganya. Mtu aliyemfanyia mwenzake hivyo, kesho anakuwaje baba wa utawala wa sheria? Au ndiyo yale ya mtu kubadilika akinyimwa ulaji?

---

Kalamu ya Mwanza:

Mzee wangu, swali zuri. Alibadilika kabla hajanyimwa chochote. Mwaka 1606 aliteuliwa Jaji Mkuu wa Mahakama ya Madai ya Kawaida, cheo chenye hadhi na kipato, na ugomvi na mfalme ulianza akiwa ndani ya cheo hicho. Angenyamaza angekufa tajiri na mwenye heshima zake.

Ugomvi wa kwanza ulihusu mipaka ya mahakama. Kulikuwa na Tume Kuu ya Kanisa iliyoweza kumwita mtu, kumwapisha na kumfunga. Majaji wa komon loo, yaani sheria iliyojengwa na maamuzi ya mahakama kizazi baada ya kizazi, walikuwa wakitoa amri za zuio kuisimamisha Tume isivuke mpaka wake. Maaskofu wakaenda kulalamika kwa James. James akasema basi mimi mwenyewe nitaamua, maana majaji ni wajumbe wangu tu, na kama sheria inategemea akili, mimi nami ninayo.

Jibu la Coke ndilo linalofundishwa vyuoni mpaka leo. Alisema Mungu amemjalia Mfalme akili nyingi, lakini kesi za uhai, urithi na mali za raia haziamuliwi kwa akili ya kuzaliwa nayo. Zinaamuliwa kwa akili ya sheria, ambayo mtu huipata kwa kusoma na kufanya kazi hiyo miaka mingi. James akakasirika: kwa hiyo mimi niko chini ya sheria? Kusema hivyo ni uhaini! Coke akamnukuu Bracton, jaji wa karne ya 13: mfalme hapaswi kuwa chini ya mtu yeyote, bali chini ya Mungu na sheria.

Hayo ni maelezo ya Coke mwenyewe, na yalichapishwa baada ya kifo chake. Barua ya mtu wa wakati ule inasimulia tofauti: mfalme alikunja ngumi kama anataka kupiga, Coke akaanguka chini kwa mikono na magoti kuomba radhi, na aliyemwokoa ni Robert Cecil, waziri mkubwa wa mfalme, ambaye kwa Elizabeth Hatton, mke wa pili wa Coke, alikuwa baba mdogo.

Ndiyo maana mimi sijengi hoja yangu juu ya siku hiyo. Vitabu vingi vinaishia pale, picha nzuri ya jaji akimfundisha mfalme. Siku yake kubwa ilikuja miaka kadhaa baadaye, nitafika.

Kwanza kazi zake. Mwaka 1610 kulikuwa na daktari, Thomas Bonham, msomi wa Cambridge, anatibu watu London bila leseni ya Chuo cha Matabibu. Chuo kikamtoza faini, akakaidi, kikamfunga. Coke akaangalia muundo wenyewe: chuo ndicho mlalamikaji, ndicho hakimu, na nusu ya faini inaingia mfukoni mwake. Akasema mtu hawezi kuwa hakimu katika kesi yake mwenyewe. Kisha akaongeza sentensi iliyotikisa dunia: Sheria ya Bunge ikienda kinyume na haki na akili ya kawaida, komon loo itaidhibiti na kuitangaza batili.

Mwaka huohuo wakamuuliza kama mfalme anaweza kwa tangazo lake tu kupiga marufuku ujenzi wa nyumba mpya London, au utengenezaji wa wanga kutoka kwenye ngano. Akaomba muda akashauriane na wenzake, kisha jibu likatoka: mfalme hawezi kuunda kosa la jinai kwa tangazo, na hana mamlaka yoyote ila yale aliyopewa na sheria ya nchi. Septemba 2019, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilipobatilisha hatua ya Waziri Mkuu Boris Johnson ya kusimamisha Bunge, sentensi hiyo ya 1610 ilinukuliwa ndani ya hukumu. Zaidi ya miaka 400!

---

Wakili Kijana:

Ile ya nyumba ya mtu ni ngome yake nayo si yake?

---

Kalamu ya Mwanza:

Ndiyo, kesi ya Semayne, 1604. Aliiandika kwenye ripoti zake akiwa bado Mwanasheria Mkuu. Watu huikumbuka kwa hayo maneno ya ngome, lakini sehemu yenye kazi kila siku ni ile nyingine: ofisa anaweza kuvunja mlango katika shauri la mfalme, ila lazima kwanza aseme kilichomleta na aombe afunguliwe. Mnaofuatilia kesi za upekuzi mnajua hoja hiyo inavyopiganiwa hadi leo.

Ripoti zenyewe ni hazina. Alitoa juzuu 11 kati ya 1600 na 1615, mbili zikatoka baada ya kufa kwake. Kabla ya hapo ripoti za kuchapishwa zilikuwa chache, na wakili alitegemea sana madaftari ya kunakili kwa mkono na kumbukumbu za wazee. Kuna wanaosema alikuwa akiongeza mawazo yake ndani ya hukumu za watu wengine, na ni kweli, alifanya hivyo. Lakini bila zile juzuu mengi yangepotea.

Sasa 1616.

Mwaka mmoja nyuma kulikuwa na mchungaji mzee wa Somerset, Edmund Peacham. Yalikutwa kwake maandishi ya hotuba ya kumshambulia mfalme, hotuba ambayo hakuwahi kuihubiri. Akateswa. James akataka kujua kabla ya kesi kama majaji wataona ni uhaini, na akamtuma Bacon na wenzake wawaulize mmojammoja, faraghani. Coke akalipinga hilo: kuchukua maoni ya majaji sikioni, mmoja baada ya mwingine, si desturi ya nchi hii. Ona alivyoliona jambo. Majaji wakiwa pamoja wanapeana moyo, akibaki mmoja na mjumbe wa ikulu chumbani ni mtu tu.

Mwaka uliofuata ikaja kesi kuhusu mamlaka ya mfalme kumruhusu askofu ashike pia parokia nyingine pamoja na mapato yake. James, kupitia Bacon, akaagiza majaji wasimamishe shauri mpaka waongee naye. Tarehe 27 Aprili 1616 majaji wote 12 wakasaini barua: amri hiyo ni kinyume cha sheria na kiapo chetu, tumeendelea na kesi.

Tarehe 6 Juni wakaitwa Whitehall, kasri la mfalme. Mfalme akawafokea kwa hoja ndefu. Wote 12 wakapiga magoti kuomba radhi, Coke akiwemo. Kisha likaja swali, mmoja baada ya mwingine: siku nyingine mfalme akiona kesi inagusa maslahi yake na akataka isimame ashauriane nanyi, mtaisimamisha? Kumi na mmoja wakasema ndiyo. Wale wale waliosaini barua wiki sita nyuma.

Coke, mzee wa miaka 64, akasema kesi hiyo ikifika mbele yake atafanya linalomstahili jaji kulifanya.

Hapo ndipo mimi ninapompa heshima yake yote. Hakutukana, hakunukuu Kilatini. Alikataa tu kuahidi. Wenzake walikuwa wameinama na yeye alikuwa bado magotini au ameinuka kitambo kidogo, anajua kabisa kitakachofuata. Mwezi huohuo akasimamishwa, akaamriwa akae nyumbani apitie ripoti zake na kusahihisha makosa. Akarudi na makosa matano, madogo ya kitaalamu. Novemba 1616 akafukuzwa kazi.

---

Bint Kisauni:

Ndugu yangu Kalamu, nimekufuata tangu juu na nimeshukuru kwa darasa. Ila naomba nami niseme, maana naona mtu huyu anaanza kuvishwa kanzu nyeupe.

La kwanza, binti yake. Mwaka 1617, baada ya kufukuzwa, Coke alitaka kurudi kwenye neema ya mfalme. Akaamua kumwoza binti yake Frances, msichana wa miaka kama 15, kwa John Villiers, kaka wa Buckingham aliyekuwa kipenzi cha James. Mama mtu akakataa, akamficha mtoto kwenye nyumba moja karibu na Oatlands. Coke akaenda na wanaume wenye silaha, akavunja mlango, akamchukua. Ndoa ikafungwa Septemba, mbele ya mfalme. Haikuwa na heri hata kidogo. Kwa hiyo aliyeandika kwamba nyumba ya mtu ni ngome yake, alivunja ngome hiyo kumtoa mwanawe mwenyewe.

La pili linatuhusu sisi watu wa huku zaidi. Kesi ya Calvin, 1608. Swali lilikuwa kama mtoto aliyezaliwa Scotland baada ya James kurithi kiti cha Uingereza anaweza kumiliki ardhi Uingereza. Wakasema ndiyo, aliyezaliwa chini ya utii wa mfalme ni raia wake. Msingi wa uraia wa kuzaliwa unatoka hapo, na watu wengi wamefaidika nao. Lakini ndani ya ripoti hiyo Coke aliandika kwamba wasio Wakristo ni maadui wa kudumu, na mfalme Mkristo akiteka nchi ya makafiri, sheria zao zinakufa papo hapo, wakati nchi ya Kikristo ikitekwa sheria zake zinabaki mpaka zibadilishwe. Fikiria maneno hayo mikononi mwa makampuni ya kwenda kutafuta makoloni. Mwaka 1774 jaji mwingine wa Kiingereza, Mansfield, aliyaita ya kipuuzi, lakini yalikuwa yametembea miaka 160.

---

Kalamu ya Mwanza:

Dada, umesema kweli yote na sina la kupunguza. La Frances haliteteki. La Calvin mimi naona ni baya kuliko la Raleigh, kwa sababu Raleigh alikuwa mtu mmoja.

Ninachoshikilia ni kwamba chombo alichokichonga kilimzidi yeye mwenyewe. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya Marekani, ikiamua kwamba mshtakiwa ana haki ya kukutana na anayemshuhudia, ilirudi kwenye kesi ya Raleigh kama mfano wa uovu usiruhusiwe tena. Na wakoloni wa Kiingereza waliokaa Amerika walimsoma Coke mpaka akawaingia damuni. James Otis alisimama Boston mwaka 1761 kupinga waranti za kupekua nyumba yoyote wakati wowote, akatumia Bonham. Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, akiwa mwanafunzi alimlaani kwa rafiki yake kwamba ni mzee mchosha kuliko wote, kisha ukubwani akamsifu.

---

Mzee wa Ilala:

Na baada ya kufukuzwa? Alikufa lini?

---

Kalamu ya Mwanza:

Mzee wangu, hapo ndipo alipopata nguvu mpya. Akarudi bungeni. Mwaka 1621 alikuwa mstari wa mbele Bunge lilipomwangusha Bacon kwa rushwa. Mwishoni mwa mwaka huohuo mfalme akamtia Mnara wa London, akakaa miezi kadhaa, akatoka bila kutiwa hatiani.

Kisha akaja Charles wa Kwanza. Hana pesa, Bunge halimpi, akawalazimisha watu wamkopeshe. Waliokataa wakawekwa ndani. Mwaka 1627 watano kati yao wakaomba habeas corpus, yaani amri ya kumleta mfungwa mbele ya jaji na kueleza kwa nini ameshikwa. Serikali ikajibu: wameshikwa kwa amri maalumu ya mfalme. Shtaka halikutajwa. Majaji wakawarudisha rumande.

Bunge la 1628 likawaka moto. Coke ana miaka 76. Yeye na wenzake wakaandika Ombi la Haki: hakuna kodi wala mkopo wa lazima bila Bunge, hakuna kufungwa bila sababu kutajwa, wanajeshi wasilazwe majumbani mwa raia, sheria ya kijeshi isitumike kwa raia wakati wa amani. Mabwana wa Baraza la juu wakataka kiongezwe kifungu cha kulinda mamlaka kuu ya mfalme. Coke akakataa: Magna Carta ni mtu wa aina yake, hakubali kuwa na bwana juu yake. Juni mwaka huo Charles akaridhia, shingo upande.

Akafa 3 Septemba 1634 nyumbani kwake Stoke Poges, akazikwa Tittleshall, Norfolk. Watu wa mfalme walipekua na kuchukua maandishi yake, maana walijua alikuwa akiandika kuhusu Magna Carta. Bunge lilipopata nguvu 1641 likaagiza yarudishwe na kuchapishwa. Ndiyo sehemu ya pili mpaka ya nne ya kitabu chake kikubwa, Institutes, na humo ndimo dunia ilijifunza kuisoma Magna Carta kama haki ya kila mtu huru, si mkataba wa mabwana wa ardhi wa 1215.

---

Wakili Kijana:

Sasa turudi nyumbani. Kisheria huyu mzee alituingia tarehe maalumu: Tanzania tunatambua komon loo na kanuni za usawa za Kiingereza kama zilivyokuwa 22 Julai 1920, Kenya 12 Agosti 1897. Kila mara mwajiri anapomfukuza mtu huku yeye ndiye mlalamikaji na ndiye mwenyekiti wa kamati ya nidhamu, tunaenda mahakamani na hoja ya Bonham. Na Katiba yetu inasema sheria ikikiuka Katiba ni batili kwa kiasi inavyokiuka. Coke alitaka hilo bila katiba ya maandishi, kwao likakataliwa, Bunge lao likawa juu. Kwetu limekubaliwa.

---

Bint Kisauni:

Na kwetu Mombasa kuna kesi ya daraja la Nyali, miaka ya 1950. Kampuni yenye daraja ikidai ushuru wa magari ya jeshi, ikafika hadi Mahakama ya Rufani London. Jaji Denning akasema komon loo ni kama mwaloni wa Kiingereza: ukiuhamishia Afrika usitegemee ubaki na ugumu ule ule, lazima utunzwe na ukatwe matawi upate kufaa. Hayo nayakubali. Ila naongeza: hakusema kipi kilichoachwa nyuma wakati mti unasafirishwa.

---

Kalamu ya Mwanza:

Dada umegusa penyewe, na ndiyo sababu nilianzisha uzi huu. Tulipewa maneno ya Coke, hatukupewa kinga ambayo anguko lake liliidai.

Alifukuzwaje? Kwa barua. Jaji wa wakati ule alikaa kitini kwa muda mfalme anapopenda. Waingereza walichukua miaka 85 kuliziba hilo tundu: sheria ya 1701 ikasema jaji atakaa maadamu ana mwenendo mwema, na asitolewe ila kwa ombi la mabaraza yote mawili ya Bunge. Amerika hawakupata, na kwenye Azimio la Uhuru la 1776 moja ya malalamiko ni kwamba mfalme amewafanya majaji wategemee utashi wake peke yake.

Na makoloni mengine? Kulikuwa na jaji wa Kiingereza, Terrell, katika koloni la Malaya (leo Malaysia). Wajapani walipoivamia, serikali ikamstaafisha kabla ya muda. Akashtaki London akidai kinga ya 1701. Mwaka 1953 Jaji Mkuu Goddard akaamua kwamba sheria ile haikuvuka bahari, jaji wa koloni anakaa kwa ridhaa ya Mfalme. Yaani mwaka 1953, mbele ya sheria, jaji wa koloni alikuwa pale pale alipokuwa Coke mwaka 1616.

---

Bint Kisauni:

Na sisi Kenya tuliiandika kinga hiyo kwenye Katiba ya uhuru, kisha 1988 Bunge likaifuta kwa marekebisho, jaji akawa wa kuondolewa kwa utashi wa Rais. Mawakili na viongozi wa dini walipiga kelele, wengine wakalipia. Ilirudishwa 1990. Marehemu baba alikuwa karani wa mahakama miaka hiyo, alikuwa akisema mawakili walianza kuuliza kesi imepangiwa jaji gani kabla ya kuuliza sheria inasemaje.

---

Kalamu ya Mwanza:

Hiyo ya mwisho dada naomba uifungulie uzi wake. Wenye kumbukumbu za miaka ile, Nairobi, Dar au Kampala, karibuni muandike, hasa mliokuwa ndani ya mahakama.